Ndugu Hawapimani?



Nawaandikia kutoka Al Twar, mtaa wa Dubai ulio ubavuni mwa uwanja wa ndege, ambako baraza letu la baada ya Isha hunyamaza kila ndege kubwa inaporuka, kisha mazungumzo yakaendelea pale pale yalipokatikia. Usiku mmoja mwaka jana lilisemwa neno barazani ambalo hata ndege haikuweza kulifunika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa Unguja aliyefika huku miaka ya sabini, aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akanitazama, akasema: "Mwanangu, ndugu hawapimani." Wenzangu wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Mzee nimemwambia mapema kwamba nitamjibu kwa maandishi, akacheka, akasema niandike.

Kwanza nieleze kwa nini aliniambia mimi. Mimi ni mhandisi wa mitambo, na nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu amekwisha kata tamaa ya kuuponya: nakusanya mawe ya mizani ya Kiingereza, yale madogo ya shaba ya njano yaliyotumika kupimia sarafu za dhahabu. La kwanza nililinunua mwaka 1993 nikiwa mwanafunzi Uingereza, kwenye meza ya vitu vikuukuu sokoni, kwa bei ya chakula cha mchana. Ni duara dogo kama kifungo cha koti, limepigwa alama za peniweti 5 na greni 8. Muuzaji hakujua ni kitu gani. Nami sikujua. Nilikipima maabara, nikapata gramu 8.29, nikaenda maktaba kutafuta ni kitu gani duniani chenye uzito huo. Jibu lilikuwa gini, sarafu ya dhahabu ya Waingereza.

Tangu siku ile sijaacha. Leo ninayo sanduku zima: mawe ya gini na nusu gini, mawe ya sarafu za dhahabu za Ureno ambazo Waingereza walizitumia madukani mwao karne ya 18 kana kwamba ni zao, mizani ya kukunja inayoingia mfukoni kama kisu cha kalamu, na ile ya kubembea iliyotengenezwa kwa ajili ya pauni ya dhahabu. Wageni wakija nyumbani huwaonyesha. Na mara nyingi huniuliza swali lile lile: "Wewe mtoto wa pwani, shaba za wakoloni unazitakia nini?"

Swali ni la haki, na halistahili jibu la kukwepa. Jina la gini limetokana na Guinea, pwani ya Afrika Magharibi, kwa kuwa sehemu ya dhahabu yake ilitoka huko. Baadhi ya sarafu hizo zina picha ndogo ya tembo chini ya kichwa cha mfalme, nayo ni alama ya kampuni ya kifalme ya biashara ya Afrika, kampuni ile ile iliyosafirisha watumwa kwa maelfu. Basi jiwe langu la kwanza lilitengenezwa ili Mwingereza asipunjwe hata greni moja ya dhahabu ya Mwafrika. Hakuna jiwe lililotengenezwa la kumpima yule Mwafrika alichopunjwa. Hilo nalijua, na kila nikifungua sanduku nalikumbuka. Jina lenyewe lilisafiri: Wamisri hadi leo pauni yao huiita jinehi, yaani gini, na Waarabu wengi huita hivyo hivyo ile pauni ya dhahabu. Neno la Afrika lilikwenda London, likarudi Cairo, likaingia kwenye makabati ya bibi zetu.

Lakini jiwe hilo linasema na jambo jingine, na hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Linasema kwamba muuza nyama wa London, akipokea sarafu yenye kichwa cha mfalme wake mwenyewe, alikuwa anaiweka kwenye mizani kwanza. Hakuna aliyesema amemtukana mfalme. Hakuna aliyesema amemtukana mteja. Mteja naye alikuwa na mizani yake mfukoni.

Sasa nije kwenye kisa. Nimepata idhini ya mwenyewe kukisimulia, na majina sitayataja.

Shangazi yangu alifariki Unguja akiwa mjane, akaacha watoto sita, watatu wanaume na watatu wanawake, waliotawanyika Muscat, Toronto, Unguja na hapa Dubai. Katika alivyoviacha mlikuwa na pauni 18 za dhahabu. Kumi na mbili zilikuwa zimefungwa kitambaani, na sita zilikuwa zimevishwa fremu na kutiwa kwenye kidani chake cha harusi. Mirathi ikagawanywa: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Hesabu ikaja sawasawa bila mabaki, kila mwana wa kiume pauni nne, kila binti pauni mbili. Mkubwa wao akasema wavulana wachukue zile za kitambaani, na mabinti wachukue za kidani kwa sababu wao ndio wanaovaa. Kila mtu akaridhika. Mtu mmoja alipotaja mizani, alijibiwa kwa maneno yale yale: ndugu hawapimani, pauni ni pauni.

Binti mmoja wa shangazi anaishi hapa Al Twar, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Mwaka jana alihitaji ada ya chuo ya mwanawe, akaenda Deira kuuza zile pauni zake mbili. Sonara alizitoa kwenye fremu, akaziangalia, akamwambia atanunua moja tu. Akaja kwangu akilia: "Kaka, nipimie wewe."

Nikapima. Pauni kamili ya dhahabu, tangu ilipoanza kupigwa mwaka 1817, ina gramu 7.988, karati 22. Ya kwanza ilikuwa na gramu 7.62. Ilikuwa imetobolewa zamani, tundu likazibwa vibaya, na upande mmoja umelika kwa kusuguana na fremu. Ilikuwa dhahabu, lakini pungufu. Ya pili ilikuwa na gramu 7.98, uzito wake hasa. Dada akashusha pumzi. Mimi sikushusha, kwa sababu ilikuwa nene.

Hapa ndipo ile mizani ya kubembea inapoonyesha akili ya fundi aliyeitengeneza. Haina uzito tu. Ina na mwanya. Sarafu ikishapita kwenye uzito, hupitishwa kwenye mwanya uliokatwa kwa upana na unene wa pauni halali. Kwa nini? Kwa sababu dhahabu ni nzito mno. Mwizi akitaka kutengeneza pauni ya madini mepesi yenye uzito ule ule, lazima aifanye nene au pana zaidi. Ukimbana kwenye uzito, atatokeza kwenye unene. Ile ya pili haikuingia kwenye mwanya. Nikachukua bilauri ya maji, nikaiweka juu ya mizani ya dijitali, nikairudisha kwenye sifuri, nikaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Pauni halali ingesoma karibu gramu 0.46. Hii ilisoma 0.77. Gawanya 7.98 kwa 0.77, unapata kidogo zaidi ya 10. Hiyo ni fedha iliyopakwa dhahabu. Mizani ilisema ni pauni, maji yakasema si pauni.

Tufanye hesabu pamoja. Dada yetu alistahili pauni mbili, ambazo zina gramu 14.6 za dhahabu safi. Alichopata ni karibu gramu 7. Sheria ya mirathi ilimpa nusu ya fungu la kaka yake. Upole wa familia ukampa chini ya nusu ya hiyo nusu. Na dhahabu kwa bei za miaka hii si kitu cha kuchezea.

Alipompigia simu kaka yake mkubwa, hakuuliza alichouliza dada. Alisema: "Unanipima mimi?" Akakata. Miezi mitatu hawakusemezana. Harusi moja ya familia ilipita bila upande mmoja kuhudhuria. Barazani kwetu likaletwa suala hili ili nipatanishe, na hapo ndipo mzee aliponiambia neno lake.

Hoja ya mzee naijua, na ina uzito. Anasema: sisi tulifika nchi hizi mikono mitupu, wengine bila pasipoti. Hatukuwa na benki, hatukuwa na mdhamini. Tulikuwa na neno la mtu tu. Mtu alikupa chumba, akakupa mtaji, hakukuandikisha karatasi. Ukianza kupima kati ya ndugu, umekata kamba iliyotuvusha bahari. Tena, anasema, mizani yenyewe ina udanganyifu: nani kati yetu hakusikia kwa wazee juu ya mwenye duka aliyekuwa na pishi mbili, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia?

Nimjibu moja moja, kwa adabu.

Kwanza, kwamba kupima ni tabia ya Wazungu na mimi nimekaa nao mno. Nenda katazame pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Upande mmoja una jina lake. Upande wa pili una nini? Una mizani! Waingereza wa kampuni yao walipotoa pesa ya Mombasa mwaka 1888, nao waliweka mizani, kama ilivyokuwa tayari kwenye pesa za kampuni yao nyingine kule Bombay, zilizoandikwa chini ya mizani neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu. Lakini mzee wangu, pesa ya Unguja ndiyo iliyompa bibi yako unga na mafuta ya taa. Kila alipofungua kiganja aliona mizani.

Na kabla ya hapo? Sarafu yenyewe ilikuwa ndiyo jiwe. Riale ya fedha ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 uliorudiwa rudiwa hata ilipopigwa karne nyingine, ilikuwa na gramu 28 na kidogo. Uzito huo ndio wakia yetu. Wakia 16 zilifanya ratili, na ratili kama 36 zilifanya frasila, ambayo kwayo pembe na karafuu ziliuzwa. Zidisha mwenyewe: 28.07 mara 16 mara 36, unapata kilo 16 na kidogo, na frasila iliyoandikwa vitabuni ni karibu hapo hapo. Babu zetu walijenga biashara nzima ya pwani juu ya sarafu moja iliyowekwa kwenye sahani ya mizani. Na nyuma zaidi, Waislamu wa Misri walitengeneza mawe ya kioo ya kupimia dinari na dirhamu karne nyingi kabla ya gini ya kwanza kupigwa mwaka 1663. Nisabu ya zaka ya dhahabu tunaihesabu kwa mithqali 20, gramu 85. Na kuna sura nzima katika Kurani iliyoitwa kwa jina la wanaopunja vipimo. Mizani haikuteremka pwani kutoka meli ya Mwingereza. Sisi ndio tulioiacha tukasema si yetu.

Pili, mwenye pishi mbili. Ni kweli walikuwepo, na bado wapo. Lakini mtu aliyepunjwa kwa pishi mbovu dawa yake ni pishi ya pili, iliyo mkononi mwake mwenyewe. Mkulima aliyekuja na pishi yake hakupunjwa. Aliyepunjwa ni yule aliyeambiwa, "Weka tu hapo, mimi na wewe ni ndugu."

Tatu, kamba iliyotuvusha bahari. Hii ndiyo hoja nzito. Ni kweli tulivushwa na imani. Lakini mzee, wale waliokupa mtaji bila karatasi walikuona kila siku. Ulilala sebuleni kwao. Ulikula nao. Hiyo nayo ilikuwa mizani. Walikupima kwa macho asubuhi na jioni. Leo mmoja yuko Toronto, mwingine Muscat, na tunaonana kwenye simu. Jicho limeondoka, na hatukuweka kitu mahali pake. Tumebaki na neno tu, "tuaminiane", nalo ni neno ambalo kwa kawaida husemwa na aliyeshika sanduku.

Kuna jambo jingine ambalo mawe yangu yamenifundisha, nalo ndilo linalonifanya niamini kwamba kipimo hakiui mapenzi. Jiwe la gini halipimi gini mpya. Gini mpya ilikuwa na takriban gramu 8.4, jiwe lina 8.29. Jiwe la pauni nalo ni hivyo hivyo: pauni kamili ni 7.988, na jiwe la uzito wa chini unaokubalika ni 7.938. Tofauti hiyo, gramu 0.05, ni msamaha ulioandikwa kwenye sheria. Waliotunga walijua kwamba sarafu ikipita mikononi hulika, na si kosa la mtu. Wakasema: mpaka hapa tunasameheana, chini ya hapa hatusameheani. Sisi wahandisi hatuchori hata bolti bila kuandika kiasi cha kuvumilia. Msamaha usio na kipimo humwelemea daima mmoja yule yule, naye ni mnyonge.

Na hata wao walikosea. Mwaka 1773 sheria yao iliamuru gini pungufu zikatwe, na hasara ikamwangukia yule aliyekutwa nazo, hata kama yeye hakuzikwangua. Watu walilalamika, na haki yao. Sasa niambieni, mgao wa shangazi yangu una tofauti gani na huo? Hasara yote ilimwangukia aliyekutwa nayo. Naye ni yule ambaye hakuulizwa.

Mnataka kujua mwisho wa kisa? Kaka mkubwa hatimaye alizipeleka pauni zake nne kwa sonara wa Muscat, kimya kimya, kwa hasira, ili athibitishe. Moja kati ya zile nne ilikuwa fedha iliyopakwa dhahabu. Yeye mwenyewe alikuwa amepunjwa! Hakuwa mwizi hata kidogo. Aliyedanganywa ni marehemu shangazi, miaka mingi nyuma, na muuzaji ambaye hatutamjua. Mizani ile aliyoikataa ndiyo iliyomtoa lawamani. Wamekusanya pauni zote 18, wamezipima mbele ya simu zilizowashwa, wakagawana upya kwa gramu. Lakini harusi iliyopita imepita. Haikuharibiwa na mizani; iliharibiwa na miezi mitatu ya kukataa mizani.

Nasema haya kwa sababu kisa hiki si cha familia yangu peke yake. Angalieni mifuko yetu ya mazishi, michezo ya kina mama, michango ya visima na madarasa huko nyumbani. Mara ngapi tumeuliza hesabu tukaambiwa, "Hamtuamini?" Mfuko mmoja niliouchangia kwa miaka sita ulikufa, na hadi leo sijui kama uliibwa au uliisha kihalali. Aliyekuwa akiutunza anatembea na lawama ambayo huenda si yake. Kama alikuwa mwaminifu, tumemdhulumu kwa kutompa nafasi ya kuonekana mwaminifu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali ya wageni. Walisema mali.

Nenda soko la dhahabu Deira. Bei ya gramu imeandikwa ukutani, mizani iko juu ya meza, na sahani yake inakutazama wewe mnunuzi. Muuzaji na mnunuzi wanaojuana miaka thelathini, waliokula pamoja mchana, bado wataiweka pete kwenye sahani hiyo. Kisha watakunywa chai.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila mirathi yenye dhahabu igawanywe kwa gramu na karati, mbele ya warithi wote, kwa mizani mbili zisizo za mtu mmoja. Kila mfuko wetu utoe hesabu kila miezi mitatu, na mhariri atenge ukurasa wa kuzichapisha hapa. Na kila mfuko uandike tangu siku ya kwanza ni kiasi gani kikipungua tutasameheana bila maneno, na kikizidi hapo mtunzaji atajieleza bila kuona ametukanwa.

Na ombi dogo la mwisho. Ukienda nyumbani ukakuta stoo kuna mizani ya babu yako, au ratili ya chuma iliyoshika kutu, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mawe ya Kiingereza yana watu wa kuyatunza. Nimekuwa mmoja wao. Ya kwetu hayana. Itakuja siku mtoto atakuambia kupima ni tabia ya kigeni, nawe utahitaji kitu cha kumwekea mkononi.

Mzee wangu wa barazani, neno lako nimelijibu. Ndugu hupimana, na wakishapimana hula sahani moja. Naomba kutoa hoja.

Mhandisi, Al Twar, Dubai